Chazo, Mlembe na Mizani ya Bagamoyo

Mvuvi yeyote wa kati ya Kunduchi na Saadani anamjua chazo. Ni samaki mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya moshi, na juu ya kichwa, mahali ambapo samaki wengine hawana kitu, yeye ana kigandio cha umbo la yai chenye vibamba vilivyopangwa safu kwa safu. Kwa kigandio hicho hujibandika kwenye ubavu wa papa, tumbo la kasa, hata ubao wa jahazi. Ukimvuta kwa mkia anazidi kushika. Ukimsukuma mbele anaachia papo hapo. Wataalamu wa viumbe wamemwandika katika orodha ya wadoezi: anapanda bure, anakula makombo ya mwenyeji wake, hamdhuru wala hamfai sana. Wapo wanaomtetea kwamba hudonoa vidudu vinavyomsumbua papa ngozini. Papa hajaulizwa.

Mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyetumikia ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alichapisha London maelezo mafupi ya jinsi wavuvi wa pwani hii walivyomtumia chazo kuvulia. Walimfunga ugwe kwenye shina la mkia, wakamchukua hadi mahali kasa anapoibuka kuvuta pumzi, wakamwachia. Chazo akafuata desturi yake, akamwendea kasa na kumganda. Kasa akishtuka na kuzama, ugwe unakaza, na kwa kuwa mvuto unatoka mkiani, kadiri kasa anavyokimbia ndivyo chazo anavyomng'ang'ania. Kilichobaki ni kazi ya mikono: kuvuta taratibu mpaka mzigo ufike ubavuni mwa mtumbwi.

Hila hiyo haikuwa ya pwani yetu peke yake. Christopher Columbus na watu wake waliikuta kusini mwa Cuba mwaka 1494, na watu wa visiwa vya Mlango wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, waliijua pia. Bahari tatu, watu ambao hawakuwahi kupeana habari, samaki wa ukoo mmoja, ugwe uleule. Waandishi wa Kihispania wa karne ya 16 walieleza kwamba wenyeji wa Karibi walimsemesha samaki wao kwa maneno matamu kabla ya kumtupa majini, na walimshukuru baada ya kazi. Huenda. Lakini samaki aliyefungwa mkia sidhani kama ana shida kubwa ya shukrani.

Nimeanza na chazo kwa sababu siku hizi kutegemeana kumekuwa jambo la semina. Mwekezaji na kijiji wanategemeana, chuo na kiwanda, halmashauri na wafadhili, na mfano unaotolewa karibu kila mara ni wa maumbile: ndege na nyati, nyuki na ua. Husemwa kana kwamba porini na baharini ni mahali pa wema mtupu, na sisi ndio tuliopotoka. Nikilinganisha namna jamii za pwani hii, za bara na za Ulaya zilivyowatazama viumbe wanaofaana, naona swali la nani anafaidika halitufikishi mbali, maana ukitafuta vya kutosha kila mmoja utamwonea faida. Hata chazo wa Holmwood alilishwa. Swali lenye uzito ni nani anaweza kukataa. Kasa hakuweza. Chazo naye, tangu alipotiwa ugwe, hakuweza tena.

Kisa cha mlembe hakina ugwe. Huyu ni ndege mdogo asiyevutia macho, hudhurungi na kijivu, ambaye tumbo lake linaweza kitu ambacho ndege wengi hawakiwezi: kuyeyusha nta. Anajua mzinga ulipo, lakini hana nguvu ya kupasua mti wala moshi wa kuwatuliza nyuki. Binadamu ana shoka na moto, ila anaweza kuzunguka porini kutwa asione mzinga hata mmoja. Basi ndege huja, hulia mlio wake wa pekee, huruka mti hadi mti akingoja afuatwe. Mtu huchukua asali, na ndege hubakiwa na nta na majana.

Hili wazee wa bara walilijua kabla ya vitabu. Wa kwanza kulipima vizuri alikuwa Hussein Isack wa Kenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu Waborana. Bila ndege, mrina asali wa Kiborana alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga; akiongozwa na ndege, saa 3.2. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo kutoka Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ambako Wayao humwita mlembe kwa mtetemo wa sauti unaomalizika kwa mguno. Mwito huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Kisha mwaka 2023 wakalinganisha Wayao na Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao wao hupiga mluzi. Walembe wa Uhadzani waliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Kwa maneno mengine, ndege ana lugha ya nyumbani. Ukimhamisha Myao na ujuzi wake wote ukampeleka Eyasi, ndege wa huko atamwona mgeni.

Hapo ndipo tabia mbili zinapoachana, na ndipo mimi ninapopapenda. Wayao wakishavunja mzinga humwekea ndege nta mahali pa wazi, pengine juu ya majani mabichi, kama haki yake. Wahadza mara nyingi hufanya kinyume: hukusanya masega yaliyobaki wakayachoma au kuyafukia, ili ndege abaki na njaa aendelee kuwaongoza. Mwalimu wa maadili atawasifu Wayao na kuwakemea Wahadza. Lakini ushirikiano umedumu pande zote mbili kwa vizazi na vizazi, na sababu yake naiona moja. Mlembe hajafungwa. Asipopata cha kutosha, ataacha kuita. Mhadza anajua hilo, na ubahili wake una kikomo kilichowekwa na ndege mwenyewe. Kuna sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambako sukari ya dukani imeingia, watu wameacha kurina asali ya porini, na mlembe naye ameacha kazi. Hakuna aliyeandika barua ya kujiuzulu.

Tusimfanye mtakatifu lakini. Mlembe huyuhuyu hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, na kifaranga wake hutoka kwenye yai akiwa na ncha kali mdomoni ambazo kazi yake ni moja, kuwaua watoto wa mwenye nyumba. Na mwaka 1588 mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, aliandika kwamba alimwona akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Mshirika mwema kwa mmoja, mwizi kwa mwingine, muuaji kwa wa tatu. Kuhusu nyuki, wanaojenga kila kitu kinachogawanywa hapo, tafiti nilizozitaja haziwahesabu kama upande.

Sasa turudi pwani kidogo, kisha tuvuke bahari. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni Bagamoyo. Walinunua watumwa, hasa watoto, wakawapa makazi katika kijiji kilichoitwa cha uhuru. Waliokombolewa walisali, walisoma, na pia walilima mashamba ya misheni kwa ratiba ya kengele. Huko Ulaya, katika miaka hiyohiyo, kati ya 1867 na 1869, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alikuwa akiwashangaza wenzake kwa hoja mpya. Ule ukoko wa kijivu unaoota juu ya mawe na magome ya miti, alisema, si mmea mmoja. Ni wawili: kuvu na mwani, wameshikamana mpaka jicho haliwatengi.

Alipotafuta namna ya kueleza uhusiano wao, Schwendener alichagua maneno ya utumwa. Kuvu ni bwana aliyezoea kula jasho la wengine. Mwani ni watumwa aliowazingira, akawafungia ndani na kuwatumikisha. Wataalamu wa siku zile walichukia. Mskoti mmoja alimdhihaki kwamba ameandika hadithi ya mwari aliyetekwa na dhalimu. Hawakukataa tu sayansi yake. Walikataa kwamba kitu kinachoonekana kizima na kizuri kinaweza kuwa na bwana na mtumwa ndani yake.

Kwetu ukoko huo uliitwa marere. Ulikusanywa kwenye miti na miamba ya pwani, ukapakiwa melini Zanzibar pamoja na pembe na sandarusi, ukaenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau ya nguo. Kwa hiyo kiumbe kilichokuwa kikibishaniwa huko kama mfano wa utumwa kilikuwa bidhaa ya pwani ambayo utumwa wake haukuwa mfano wa kitu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa na Sultani Barghash mwaka 1873 chini ya shinikizo la Waingereza, lakini utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Miaka yote hiyo, kule shambani Pangani na hapa Bagamoyo, wapo waliosema kwamba bwana na mtumwa wanafaana: mmoja hutoa kazi, mwingine hutoa kinga na kibaba. Cha ajabu, Schwendener aliona kitu ambacho mabwana hawakupenda kukiri. Aina kadhaa za mwani wa ukoko huo zinaweza kuishi peke yake juu ya jiwe lenye unyevu. Kuvu wake, akiachwa peke yake, kwa kawaida hana maisha porini. Anayeitwa bwana ndiye asiyejiweza.

Mwaka 1878 Mjerumani Anton de Bary aliupoza moto huo. Alitoa jina moja kwa hali zote za viumbe wasiofanana kuishi pamoja, na ndani ya jina hilo aliwaingiza wote: wanaofaana, wadoezi, na wanyonyaji wa damu. Kwake hakukuwa na ukuta kati ya chumba na chumba. Ni waliokuja baadaye, akiwemo Peter Kropotkin kwa kitabu chake cha 1902 kuhusu msaada wa viumbe kwa viumbe, waliotilia mkazo upande mtamu, na kwa Kropotkin kulikuwa na sababu nzuri: alikuwa akiwajibu watu waliotumia jina la Darwin kuhalalisha kila aina ya ukatili. Hata hivyo nadhani De Bary alikuwa karibu zaidi na ukweli wa baharini. Matumbawe ya pwani hii ni ndoa ya aina hiyohiyo, mnyama na mwani, na mwani huo hulipa sehemu kubwa kabisa ya chakula cha mwenzake. Maji yalipopata joto lisilo la kawaida mwaka 1998, ndoa ilivunjika, mwani ukatolewa nje, na matumbawe kutoka Kenya hadi Tanzania yakageuka meupe, mengi hayakupona.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 na siasa zilizolifuata zilijenga ukuta ambao De Bary hakuuona. Kila mtoto wa shule wa enzi ile alijua kwamba kuna mfanyakazi na kuna mnyonyaji, na mnyonyaji jina lake ni kupe. Vibonzo vilimchora na mirija. Ilikuwa siasa yenye nguvu kwa sababu ilitufundisha kumuuliza kila anayesema "tunafaana" atuonyeshe mdomo wake uko wapi. Iliposhindwa, kwa maoni yangu, ni pale ilipomfanya kupe kuwa kabila la viumbe, watu wa aina fulani wanaoweza kuorodheshwa na kutaifishiwa, badala ya nafasi ambayo mtu yeyote anaweza kuikalia akipewa muda, yakiwemo mashirika ya umma yaliyochukua mali hizo.

Askari wa kifaru angeweza kuwafundisha wachora vibonzo. Ndege huyu mwenye mdomo mwekundu, rafiki wa nyati na twiga, husifiwa kwa kuwala kupe wa wanyama. Paul Weeks, aliyewachunguza ng'ombe nchini Zimbabwe na kuchapisha matokeo mwaka 2000, aligundua kwamba ndege hao hawakupunguza kupe kwa kiasi cha maana. Walitumia muda mwingi kudonoa vidonda na kunywa damu, wakivizuia kupona. Ukiishia hapo utamwandikisha pamoja na kupe. Lakini mwaka 2020 Roan Plotz na mwenzake walionyesha, kwa vifaru weusi wa Afrika Kusini, kwamba kifaru mwenye ndege hao mgongoni humtambua binadamu anayenyemelea mapema zaidi, kwa sababu ndege hupiga kelele. Kumbe jina la Kiswahili lilikuwa sahihi tangu zamani: ni askari. Askari anayekunywa damu ya anayemlinda. Wasomaji wengi wataona hiyo si habari ya porini tu.

Kuna mahali ambapo maumbile yenyewe yamejibu swali la kukataa, na huhitaji kwenda mbali. Ingia shamba lolote nyuma ya Kiromo au Zinga baada ya masika, ng'oa mche wa kunde taratibu usikate mizizi, ukung'ute mchanga. Utaona vinundu vidogo vimening'inia kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, wekundu wa nyama mbichi, bakteria waliomo wanafanya kazi: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya kunde, na kunde inawalipa sukari. Kikiwa cheupe au kijani, ni wapangaji wasiolipa kodi. Toby Kiers na wenzake walichapisha mwaka 2003 jaribio la soya ambalo naliona zuri kuliko hotuba nyingi. Waliwanyima bakteria wa baadhi ya vinundu ile naitrojeni, wakashindwa kufanya kazi, kisha wakaangalia mmea utafanya nini. Mmea ulipunguza hewa ya oksijeni kwenye vinundu hivyo, na bakteria wake wakazaana kidogo kuliko wenzao. Kunde hazina mahakama wala Azimio, ila zina mkono kwenye bomba.

Kwa macho hayo naitazama Bagamoyo ya karne ya 19, mji ulioishi kwa kufaana kuliko mji mwingine wowote wa pwani ya mrima. Masimulizi ya zamani yanasema Washomvi, watu wa ufukweni, waliposhambuliwa na Wakamba walimwendea Pazi Kilama, mwindaji wa tembo wa Kizaramo kutoka bara, wakamwomba msaada. Alishinda, na malipo yake yakawa ushuru wa kila mwaka, chumvi, samaki na nguo, ulioitwa kanda la Pazi. Ukimsikiliza Mshomvi, babu zake walimlipa mlinzi wao. Ukimsikiliza Mzaramo, babu zake waliruhusu wageni wa ufukweni wakae kwa masharti. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na mapatano yalidumu kwa kuwa Pazi aliweza kurudi kwa silaha, na Washomvi waliweza kufunga bandari.

Kisha ikaja misafara. Kila mwaka, maelfu kwa maelfu ya Wanyamwezi walishuka kutoka Unyanyembe na kwingineko, pembe begani, wakingoja Bagamoyo kupata mzigo wa kurudi nao: nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Watu husema kwa haraka kwamba wapagazi walikuwa watumwa. Wapo waliokuwa, na zipo pembe zilizobebwa na mateka waliouzwa pamoja nazo. Lakini Mnyamwezi aliyekuja kwa hiari alikuwa mfanyakazi wa mshahara na posho, mwenye shamba nyumbani, aliyepanga safari yake kwa kalenda ya mvua. Soma malalamiko ya wasafiri wa Kizungu, Burton, Stanley na wenzao: wapagazi wamegoma, wamedai nguo zaidi, wametua mizigo njiani, wametoroka usiku. Waliyaita uvivu na ukorofi. Mimi naona hapo mkono kwenye bomba.

Tajiri wa msafara alilijua hilo. Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufa 1897, alijenga utajiri wake Bagamoyo kwa kuwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi, na hakuna mtu aliyeweza kufanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila Wanyamwezi kukubali jina lake. Faida yake nyingine aliirudisha: alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi, na jina lake bado liko Muhimbili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani hiyo ambaye maandishi yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ametuachia picha ya jamii ambamo deni, mkopo na kuaminiana viliwafunga Mhindi, Mwarabu, Mshomvi na mtu wa bara kwa pamoja. Ni picha inayovutia. Kwa hiyo lazima kuuliza kasa wa hapa ni nani. Ni ndovu, aliyeuawa Tabora, halafu Manyema, halafu ng'ambo ya Lualaba kila alipoisha. Ni mateka wa Manyema. Mapatano mazuri ya Bagamoyo kati ya tajiri na mpagazi yalilipiwa na wasiokuwepo mezani.

Kutoka kwenye misafara hiyo tumerithi kitu kimoja ambacho sioni mfano wake katika vitabu vya viumbe. Nacho ni utani. Mnyamwezi aliyefia njiani Uzaramo hakuwa na ndugu wa kumwosha wala kumzika. Mtani alipaswa kufanya hivyo. Mzaramo aliyefika Unyamwezi alipata moto na chakula kwa mtani. Mpaka leo nenda msibani Bagamoyo ambapo marehemu ni Mzaramo na watani zake Wasukuma au Wanyamwezi wapo. Jeneza likiinuliwa tu, mtani anajilaza njiani.

"Huyu alikuwa mtumwa wangu! Hazikwi bure, toeni hela!"

"Mtani, ondoka hapo, hata sanda yake wewe ndiye unayedaiwa," anajibiwa, na elfu moja moja zinaanza kutoka.

Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na pesa hizo mara nyingi hurudi kwenye shughuli. Hebu fikiria mzaha huo ulipozaliwa: katika mji ambako watu walikuwa kweli watumwa wa watu. Mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba mzaha wa lazima wa aina hii huwapa watu wanaoweza kugombana njia ya kukaa pamoja. Mande wa Mali wana sanankuya, na utani wa Niger uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Sikubaliani kabisa na Radcliffe-Brown, kwa sababu naona utani unafanya zaidi ya kupoza ugomvi: unagawa haki ya kudhalilisha sawa kwa sawa. Leo mimi nimekuita mtumwa, kesho kwenye msiba wetu utaniita wewe, na sina ruhusa ya kukasirika. Hakuna upande wenye ugwe.

Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ilimaliza kazi ya mpagazi, na Bagamoyo ikalala. Kufaana kwa leo kuko kwingine. Nenda Mlingotini maji yakitoka, utawaona akina mama wamejifunga khanga juu ya magoti, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, kamba zimewambwa kati ya vigingi viwili mchangani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikavuka hadi huku. Mwani hukaushwa, hufungwa, husafirishwa ng'ambo, na utomvu wake hugandisha aiskrimu na dawa ya meno. Chafi huja kula mwani shambani, mkulima anakasirika, mvuvi wa dema anafurahi, hao wameshazoeana.

Uhusiano usiozoeleka ni ule wa mkulima na mnunuzi. Kwa miaka mingi utaratibu katika vijiji vingi vya mwani umekuwa huu: mnunuzi anatoa kamba na taitai, mkulima anatoa maji, muda na mgongo, na kwa kuwa kamba ni za mnunuzi, mwani lazima auziwe yeye, kwa bei aliyoipanga, kwa mizani aliyoileta. Kwenye ripoti hilo huitwa ushirikiano. Sikatai kwamba pande zote hupata kitu. Mama mwenye mwani amesomesha watoto kwa mwani. Lakini ugwe uko wazi, na umefungwa mkiani. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, imezidi kufa kwa sababu maji ya kina kifupi yanapata joto, na hasara ya joto hilo humwangukia mkulima peke yake. Kwa upande mwingine, Zanzibar wanawake wengi waliacha kulima bei ilipokuwa haina maana, na wengine wameanza kusaga mwani wenyewe wakatengeneza sabuni. Wamefanya kama mlembe: wamenyamaza, kisha wakaruka mti mwingine.

Kwa hiyo kikundi chochote cha Mlingotini, Kondo au Saadani kitakacholetewa karatasi ya ushirikiano, iwe ya mwani, ya kaa, ya chumvi au ya utalii, kisitosheke na ukurasa wa faida. Kitafute kwanza kipengele cha kuuza kwa mwingine na kipengele cha kujitoa. Visipokuwepo, kidai viandikwe, na siku ya kupima kila kikundi kije na mizani yake.